Hodi ya Mwalimu Damaris

Mheshimiwa Diwani, Bwana Chifu, Imamu wetu na Mchungaji wetu, wazazi wenzangu wa hapa Bongwe, na wageni mliotoka Ukunda: wazee nawapa shikamoo, na wengine, salaam aleikum na hamjambo.

Leo watoto wetu wa chekechea wanaagana nami, mwalimu wao Fauzia, waende darasa la kwanza, nanyi mmekuja mkitarajia niwasifu. Nawasifu. Wanajua kuhesabu, wanajua kunawa, na wanajua kuiga, jambo ambalo sikuwafundisha, wamelichukua kwenu. Mzee Kibwana, hata mwendo wako wa kuburuta kandambili wanao, mikono nyuma vilevile.

Lakini wiki iliyopita niliketi barazani nikiwatazama wakicheza baba na mama, nikaingiwa na hofu ambayo haijanitoka. Chiku alikuwa mama, anapika mchanga katika kifuu. Seth, aliyekuwa mgeni, akaja akapiga hodi. Je, Chiku alisema karibu? Alimwaga chakula, akawalaza wenziwe chini, akamziba mdogo wao mdomo kwa kiganja. Seth akapiga hodi tena. Chiku naye akajilaza.

Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona humwitikii mgeni?"

Akaninong'oneza, "Mwalimu, si ndivyo watu wanavyofanya?"

Nani alimfundisha? Tangu vurugu za mwaka jana, wavamizi walipopita wakibisha mlango kwa mlango, ni nyumba ngapi hapa ambazo mtu akibisha huambiwa karibu? Tulijificha kwa sababu tulitaka kuishi, na simlaumu mtu. Ila siku zile zimepita, sisi bado tumelala chini, na watoto wanatutazama. Naogopa, ndugu zangu. Naogopa mtoto atakayekua akijua kwamba kila apigaye hodi ni adui.

Mwalimu Damaris, msaidizi wangu, alikimbilia kwao bara wakati ule, kisha akarudi kwa ajili ya watoto hawa. Jumapili alizunguka nyumba zenu kuwaalika kwenye sherehe hii. Kila alipopiga hodi alisikia redio zikizimwa ndani, na mlango haukufunguliwa. Ameniambia kwamba ikiwa ndivyo, Januari hatarudi tena.

Asanteni kwa kunitegea sikio, langu limekwisha. Nilimwomba Mwalimu Damaris atoke nje, naye sasa yuko nyuma ya mlango ule. Mnamsikia, anapiga hodi. Watoto wote wamegeuka, lakini hawautazami mlango. Wanawatazama nyinyi.