Moto Usiosikika Shavuni

Mugonile, ndugu zangu. Naona wengine mnautazama mkono wangu wa kulia. Utazameni tu, leo siufichi.

Kidonda kilianza nyuma ya kiganja, kidogo kama punje ya mpunga. Nilidhani ni udongo wa kufinyangia umenichubua. Nilipaka dawa za majani, nikaendelea na kazi. Kingo zake zikawa ngumu, kikatoa damu kila nilipokanda udongo. Ngalawa yetu ilipofika Mwaya na vyungu, wanawake walioleta ndizi na mchele wa kubadilishana wakaanza kuulizana, "Hiki kafinyanga nani?"

Wifi yangu, yule pale anayeinamisha uso, aliwajibu, "Kwani mnapika kwa mkono au kwa chungu?" Walicheka, lakini wakachagua vyungu alivyofinyanga yeye. Akaanza kuvichanganya vyangu na vyake ili watoto wangu wale.

Mama wa misheni alipokiona kidonda hakusema mengi. Alikuwa anasafiri kwenda pwani, akaniambia nifunge mzigo. Tulipanda meli ziwani, tukashuka mto, tukapanda meli ya baharini. Nilitapika mpaka nikasahau kidonda.

Hospitalini huko pwani, daktari Mjerumani alikibonyeza kingo, akasema ni saratani ya ngozi. "Zamani ningekata mkono," alisema. "Sasa tujaribu mionzi kwanza. Isipofaa, nitakata."

Ndugu zangu, nawaambia, mfinyanzi akiambiwa hivyo hasikii neno lingine.

Chumba cha mionzi kilikuwa na giza. Mzee wa pwani, msaidizi wa daktari, alinifunika mkono kwa bamba zito la madini ya risasi lenye tundu la kukitosha kidonda. Tungi la kioo la mashine likawaka kijani, likalia kama kuni mbichi, na hewa ikanuka kama radi imepiga karibu. Lakini mkononi sikusikia kitu. Hata joto la kikombe cha uji halikunifikia.

Nilirudishwa chumbani humo tena na tena, na kila mara ni hivyo hivyo. Ninyi akina mama wa udongo mnajua: tukichoma vyungu tunasogeza shavu kuupima moto. Moto usiosikika shavuni hauivishi hata kikaango. Asubuhi moja nikafunga kaniki yangu, nikatoka.

Yule mzee alinikuta mlangoni. "Mama, safari ya wapi?"

"Nyumbani. Mashine yenu haina moto."

"Haina moto!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha mikono yake. Ngozi ilikuwa imekakamaa kama gome, na vidole viwili havikuwapo. "Mashine ilipokuja, tuliijaribu kwenye mikono yetu wenyewe. Hatukusikia kitu. Ngozi ilikufa baadaye. Ndiyo maana siku hizi kuna bamba la risasi, na ndiyo maana unapewa kidogo kidogo, halafu unapumzishwa. Ninyi kwenu vyungu mnavichomaje?"

"Tunavikausha kivulini kwanza. Halafu moto mdogo, halafu mkubwa."

"Na mwenye pupa?"

"Vyake hupasuka."

"Haya, mama. Fungua huo mzigo."

Nikaufungua. Hapo ndipo nilipopona, maana ningeondoka, leo ningewapungia kwa mkono mmoja.

Baadaye ngozi iliwiva nyekundu kama chungu kilichopakwa rangi, ikabambuka, kidonda kikaanza kusinyaa. Ngozi mpya ikatoka, nyembamba na nyeupe kama mnavyoiona. Daktari hakuniahidi kwamba ugonjwa hautarudi. Alinikataza jua kali, akaniagiza nijichunguze. Na jirani yangu wodini, aliyekificha kidonda chake cha shavu kwa mtandio hadi kikafika jichoni, mionzi haikumwokoa. Tulimzika kulekule.

Kwa hiyo ndaga fijo, asante sana, kwa mama wa misheni, kwa daktari, na kwa yule mzee aliyeulipia ujuzi wake kwa vidole. Ndaga kwa wifi yangu aliyewalisha wanangu kwa mikono yake. Na Kyala, Mungu wetu, apewe sifa kwa wote hao.

Ombi langu ni moja. Mwenye kidonda kisichofunga asikifiche chini ya nguo. Kesho aje kwangu, nitamsindikiza misheni mwenyewe.

Chungu hiki ndicho cha kwanza nilichofinyanga tangu nirudi. Nakigonga kwa mkono huuhuu. Sikieni kinavyolia.

Hakina ufa.