Mtoto Hakulia, Mama Akaandika

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi, asifiwe na sisi ambao kuketi kunatushinda. Mnanijua. Mimi ndiye yule anayetoka nje katikati ya mahubiri, akazunguka kanisa, akarudi. Leo nitawaeleza kwa nini.

Naitwa Veronika. Ni mkulima wa mananasi hapa Kiwangwa. Niliishia darasa la saba, na sikuwahi kuandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Leo kuna kitabu chenye jina langu kwenye jalada. Si kwa ujanja wangu. Sikilizeni.

Mimba yangu ya kwanza ilitimiza miezi yake yote. Jina tulishachagua, Amani, na mume wangu Petro alianza kuniita Mama Amani hata mbele za watu. Uchungu uliponishika nikapelekwa Bagamoyo mjini, nikafanyiwa upasuaji. Nilipozinduka, muuguzi alinishika mkono akaniambia mtoto alitoka hakulia. Petro na wazee walikuwa wameshamchukua kwenda kumzika.

Niliporudi nyumbani sikukuta mkeka wala waombolezaji. Shangazi zake Petro walinieleza kwa upole kuwa mtoto asiyelia hawekewi matanga, na kwamba kulia sana kungenifunga kizazi. Mungu angenipa mwingine. Watu wote wakarudi kuniita Vero.

Ndugu zangu, utulivu ulinitoka. Chakula nilikula nimesimama. Nikianza kupalilia mstari mmoja wa mananasi, nauacha, naanza mwingine. Nilikwenda Msata bila safari, nikatazama mabasi, nikarudi. Na hapa kanisani, kila likitajwa neno amani, miguu inanitoa nje. Nilimwuliza Mungu, mbona unamwita mwanangu kila Jumapili?

Siku moja shambani nikatoa simu, nikaanza kumwandikia mwanangu. Nilimwandikia habari za mvua, za nguo zake tulizozigawa, za baba yake alivyonyamaza. Niliandika nikitembea. Na siku ile niliweza kuketi nikala. Ndipo nilipojua kuna mkono unaoshika mkono wangu.

Maandishi yakawa mengi. Jirani aliyefiwa kama mimi aliomba nimtumie, naye akamtumia dada yake aliyeko Lugoba. Yule dada alinipigia akilia, akasema hiki ni kitabu. Nilidhani ananitania. Akanielekeza kwa Bi Shirin, mama wa Kihindi mwenye duka la vitabu Bagamoyo, ambaye huchapisha vitabu vichache vya watu wa huku. Nikaenda, nikamwamkia, nikamtumia maandishi yangu ya simu ayachape kwenye karatasi. Kiti alichonipa sikuweza kukikalia.

Petro alipojua alikasirika. Alisema huu ni msiba wa nyumba yetu, na mimi nataka usomwe na wapita njia. Tukaishi nyumba moja kama wapangaji wawili. Nikiendelea, ndoa inavunjika. Nikiacha, narudi kuzunguka mpaka nipate wazimu. Niliomba, na kuomba kwenyewe niliomba nikitembea.

Bi Shirin akaniita. Alikuwa ameyasoma yote. Akaweka kidole kwenye ukurasa mmoja.

"Mwanangu, hapa umeandika mlimpoteza mtoto. Mbele umeandika hivyo tena. Amezikwa wapi?"

Ndugu zangu, nilikuwa sijui! Hakuna aliyeniambia, wala sikuwahi kuuliza. Nilizunguka kote kule, kumbe namtafuta.

Nilipanda gari kurudi nikiomba jambo moja tu: Bwana, nipe kinywa. Nilimkuta Petro uani akinoa panga. Nikasimama mbele yake, nikamwuliza mwanangu amelazwa wapi.

Akaliweka panga chini.

"Twende," akasema.

Tulikwenda mchana kweupe mpaka mwisho wa shamba la marehemu baba yake, penye mkorosho. Palikuwa pamefagiliwa, na mawe yamezungushwa vizuri. Nikaelewa kuwa mume wangu amekuwa akija hapa peke yake wakati wote ule nilipomwona mtu wa moyo mgumu. Nikaketi chini. Niliketi, ndugu zangu, mpaka miguu ikafa ganzi, na sikutaka kuinuka.

Petro alisimama nyuma yangu. Akaniambia, "Kwenye hicho kitabu chako, andika kwamba na mimi nililia."

Nikaandika. Ndiyo sura ya mwisho, na ndiyo aliyoisoma yeye kwanza kitabu kilipotoka.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Mnaniona nilivyoishikilia hii meza ili nisitoke. Mungu hakunirudishia mtoto, wala hajanipa mwingine. Alinifungua kinywa, akamfungua na mume wangu, na kwa hilo namshukuru, nitamshukuru mpaka naingia kaburini!

Siku hizi wanawake wananisimamisha njiani. Wengine hata kitabu hawajakisoma. Wanataka kunitajia jina tu, kisha wanakwenda zao. Nami nawaambia mlioko hapa, mama na baba: kama kuna jina umelimeza, usiogope, mwamini Bwana, litamke. Yeye alilijua kabla yako. Ibada ikiisha nitakuwa nje, upande wa kisima. Njoo nikusikilize. Ukishindwa kutulia, tutatembea.