Funguo Mbili kwenye Pete Moja

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mmoja alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti, fundi umeme wa magari, kwamba gari lake haliwaki tangu juzi. "Taa nyekundu yenye alama ya kufuli inanikonyeza tu. Nimebadilisha betri, wapi!"

"Hebu nione ufunguo, mama."

Kwenye pete kulikuwa na funguo mbili. "Na huu mwingine?"

"Wa lori la marehemu baba watoto. Lori tumeliuza, huu wa akiba nikabaki nao. Juzi nikauunganisha na wangu."

"Basi ugonjwa ndio huo. Kila ufunguo una chipu yake ya kujitambulisha kwa gari. Gari ni kama mlinzi wa getini: anauliza nani, wanaitika wawili kwa mpigo, anawafungia wote."

"Mlinzi huyo hajaoa, hajui wawili huwa kitu kimoja."

Fundi akacheka. Mimi, ambaye sikualikwa, nikacheka pia.

"Zitenganishe tu, mama. Huo uache nyumbani."

"Miaka ishirini baba watoto hakuwahi kuuacha nyumbani, mwanangu. Alikuwa akilala nao chini ya mto. Sasa mimi niuache wapi?"

Fundi aliyejua kila waya akamrudishia pete, funguo zote mbili bado zimo. Basi likasimama. Mama akashuka, funguo zikigongana mkononi.