Nilishuhudia Nimepona Huku Nikikosa Pumzi

Bwana asifiwe! Na asifiwe tena, maana leo naweza kulitaja jina lake mara mbili bila kutua katikati.

Ndugu zangu, mnanifahamu. Mimi Mama Neema, nauza chai na vitumbua pale Nangurukuru, mabasi yanaposimama. Mwaka juzi nilisimama hapahapa nikasema nimepona pumu. Mkashangilia, mama mchungaji akalia. Leo naanza kwa kuungama: sikuwa nimepona!

Baada ya maombi yale nilipata nafuu, na kwa furaha nikakimbilia kipaza sauti. Kufika Jumatatu, pumzi imebana vilevile. Sasa ningesema nini? Nikajikaza. Kwenye kwaya nikawa nafumbua mdomo tu, wenzangu wananibeba. Dawa yangu ya kuvuta nikaificha kwenye kopo la sukari msije mkaiona. Jamani, naficha dawa ambayo hata hainisaidii! Harusi ya Neema, mwanangu wa pekee, nilishindwa kupiga kigelegele hata kimoja. Iliniuma sana.

Aliyenikamata ni Bi Mwajuma, jirani yangu anayekaanga samaki meza ya pili. Yeye ni Muislamu, ushuhuda wangu hakuusikia. Asubuhi moja nilibeba ndoo ya maji hatua kumi tu, nikaanguka, koo linalia kama filimbi. Akaacha samaki wake waungue.

"We Mama Neema, pumu gani hii inalia kooni? Twende hospitali!"

Nikamwambia siendi, kanisani watasema nilidanganya.

"Na waseme, bora uwe hai uwasikie."

Eee! Nikamshika mkono. Tukaenda.

Kutoka hospitali ya Kilwa nikapelekwa Dar. Daktari, binti wa rika la Neema wangu, hakuanza na kifua. Aliweka kipimo chake shingoni, akasikiliza, akasema, "Mama, hii siyo pumu." Kamera nyembamba iliyopitishwa puani ikaonyesha kovu, chini kidogo ya pale sauti inapotokea. Njia ya hewa imebaki kama mrija wa soda! Ugonjwa adimu, na kwangu chanzo chake hakikuonekana.

Nilidhani nitapasuliwa shingo. Kumbe! Walinilaza usingizi, wakapitia mdomoni, wakalichana kovu kidogo, wakaingiza puto dogo na kulijaza mpaka njia ikatanuka. Nilipozinduka nikavuta pumzi, ikaingia kimya. Nikalia mpaka nesi akadhani naumwa. Itazameni shingo hii, haina hata mchubuko!

Daktari amesema kovu linaweza kurudi. Likirudi, nitarudi kutanuliwa, na safari hii nitawaambia mapema mniombee. Sisemi tuache maombi, ndugu zangu. Mimi niliomba mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na aliyekuwa na mimi kwenye maombi alikuwa na mimi humo ndani. Lakini wewe uliyeshuhudia kisha ukaendelea kuumia kimyakimya, Bwana hakuonei haya. Mtumaini, sema kweli, nenda ukatibiwe.

Asanteni kwa kunivumilia. Bi Mwajuma yule pale mlangoni, amekuja kuhakikisha nimesema yote. Na Neema, mwanangu, simama. Mama ana deni lako la siku ya harusi.

Nyinyi wengine msinisaidie. Kigelegele hiki nakipiga mwenyewe!