Nani Atabaki na Binti Yangu

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Mwenyekiti ameniomba niseme, nami nimekubali kwa kuwa humu ndani kila mzazi ana mtoto mwenye ulemavu wa akili kama wangu. Kwingine nisingethubutu.

Binti yangu ni mtu mzima sasa. Anafua, anafagia, anabandika chai, ila kuzima jiko hajui. Baba yake alishatangulia. Mwaka jana presha ilinipanda nikaanguka sokoni, nikalazwa. Niliporudi, jirani akaniambia, "Mwenzio hajala tangu uondoke. Kakaa barazani anaitazama njia tu." Ndugu zangu, presha haikunitisha kama maneno yale.

Tangu hapo nikawa si mtu. Nakata mboga, nawaza: nikifa je? Nipo kanisani, mahubiri yanaendelea, mimi nawaza: nikifa je? Nikachukua karatasi, nikaandika wosia kwa akili yangu. Nyumba ya Makorora pamoja na vyumba vya wapangaji, vyote vya mwanangu wa kwanza. Yeye awe msimamizi wa mirathi, yeye amtunze mdogo wake. Nikamwita na mkewe waje watie sahihi, wawe mashahidi.

Kijana akasoma, akairudisha mezani. "Mama, huku ni kujichuria kifo. Mimi sitii sahihi."

Akaondoka. Hakukanyaga tena kwangu. Nikimpigia simu, salamu tu, basi. Nikasema huyu kamkana mdogo wake ningali hai. Hapo ndipo nilipoanguka hasa. Kule sokoni nilijikwaa tu.

Dada mmoja wa kikundi hiki, hataki nimtaje, akanishika mkono mpaka Chumbageni kwa mama mmoja, msaidizi wa kisheria. Akaisoma karatasi yangu polepole, akavua miwani.

"Mama, mtu mmoja umembebesha kazi nne. Mrithi ni yule anayepata mali. Msimamizi anathibitishwa na mahakama, anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi. Mali haigeuki yake. Mlezi ndiye wa kukaa na binti. Na shahidi anashuhudia sahihi yako tu, asiwe mtu anayepata kitu humo, kesho wasije wakasema alikulazimisha." Kisha akaniuliza, "Na huyu mwanao, ulimuuliza kabla ya kumwandika?"

Nikatikisa kichwa.

Tukaitana nyumbani: mimi, mwanangu, mkewe, na kaka yangu wa Pongwe. Mimi nangoja nisikie kuwa hamtaki mdogo wake. Kijana akainamisha kichwa. "Mama, mdogo wangu simkatai. Naogopa kuachiwa kila kitu peke yangu. Siku akiugua tu, ukoo mzima watasema namuua nile nyumba."

Jamani! Hofu tuliyokuwa nayo ni moja, kila mtu kajifungia nayo chumbani kwake.

Mkwe wangu akasema, "Na yeye mwenyewe mbona hamumuulizi?" Tukamwita binti. Nikamuuliza, mama akiwa hayupo, utakaa na nani? Hakufikiri hata. Akaenda akamshika mkwe wangu kanga. Huyo huyo ninayemwona mkali, anayemgombeza kila siku kwa ajili ya jiko! Mkwe akacheka, machozi yanamtoka. "Haya, tutagombana hivyo hivyo."

Tukaandika upya, safari hii kwa kuelekezwa. Nyumba ni ya wanangu wote wawili, na kodi ya vyumba ni ya matunzo ya binti. Mlezi ni mkwe wangu. Msimamizi ni kaka yangu, ambaye hapati kitu, na alikubali kwa mdomo wake. Mashahidi ni jirani na mzee wa kanisa. Nilitia sahihi mbele yao, nao wakatia. Wosia umehifadhiwa ofisini kwa yule msaidizi wa kisheria, nakala anayo kaka, na wote wanajua hati ya nyumba ilipo.

Namshukuru dada aliyenishika mkono, yule mama wa Chumbageni, na mwanangu aliyesema la moyoni. Nanyi nawaomba: msimwandike mtu kabla hamjakaa naye mkaulizana. Na mtoto muulizeni, hata kama hasemi vizuri.

Sitawadanganya, kufa bado naogopa. Ila juzi nimekwenda Pongwe kwa kaka, nikalala huko. Niliporudi, binti alikuwa kwa mkwe wangu, ameshiba.

Ahsanteni.