Fundi Yakobo wa Spika Tunamuaga kwa Mara ya Nne

Fundi Yakobo Ngassa ameitumikia Karakana ya Usharika wetu hapa Bariadi kwa miaka thelathini na mmoja, tangu mwaka 1995, na anastaafu rasmi leo Jumapili, tarehe 28 Juni 2026. Neno "rasmi" nimeliandika kwa mkono mzito. Nililiandika mwaka 2023, nikaliandika tena 2024, na mwaka jana pia, na kila mara mstaafu alionekana karakana kabla ya wiki kuisha, bisibisi mfukoni, akiuliza nani amehamisha plaizi yake.

Mimi ndiye karani wa karakana, na kazi ya kuandika wasifu huwa inaniangukia mimi. Mara ya kwanza niliandika kurasa tatu na machozi yalinitoka. Mara ya pili ukurasa mmoja na nusu. Mara ya tatu nilibadilisha tarehe tu. Zawadi nazo zimepungua kwa mtindo huo huo: kwanza usharika ulimpa mtamba, mwaka uliofuata blanketi, na mwaka jana tukanywa soda na kupiga picha. Mtamba yule ameshazaa mara mbili kule Lalago, na nasikia ndama hawamjui mwenye mali. Nimechoka kumuaga mtu huyu, jamani. Lakini safari hii nina sababu ya kuamini, na nitaieleza.

Alikuja kwetu akiwa seremala wa kawaida kutoka Lalago, kazi yake madawati, milango na majeneza. Spika alikutana nazo kwa bahati. Kanisa lilikuwa na spika moja ya tarumbeta juu ya paa, iliyosikika mpaka sokoni, ila ndani ya kanisa hakuna aliyeambulia neno. Alitumwa kuishusha aifute vumbi. Akaifungua aone kilichomo, na tangu siku hiyo kumpata kwa ajili ya mlango au dawati ikawa kazi. Kulehemu waya alijifunza kwa fundi redio wa mjini. Kupima boksi alijifunza kwa kuharibu maboksi, na mbao alizoharibu ninazijua kwa sababu nilikuwa naulizwa mimi ziko wapi.

Aligundua mwenyewe kwamba boksi la spika likiachwa tupu ndani linavuma, na kwamba lazima lijazwe kitu laini. Sponji ilikuwa ya shida, lakini mkulima gani wa Simiyu anakosa pamba? Akachukua pamba ya shambani kwake, mbegu zikiwa humo humo, akajaza maboksi mawili na kuyafunga kwenye kanisa la Kiloleli. Panya wa Kiloleli wakaingia kwa tundu la besi, wakakuta chakula na kitanda mahali pamoja. Siku ya Krismasi kwaya iliposimama, spika ya kushoto ilikwaruza kidogo, ikanyamaza, kisha akatoka panya na watoto wake mbele ya kinanda. Tangu hapo pamba ya Fundi Yakobo inatoka kiwandani ikiwa imeshachambuliwa, na kila tundu lina wavu. Watu wa Kiloleli wakimwona mjini wanamuuliza panya hawajambo.

Bukundi nako wanamkumbuka. Huko alipeleka maboksi marefu membamba, amelala nayo nyuma ya pikapu, ameyafunika shuka jeupe kwa ajili ya vumbi. Njiani wanaume walivua kofia, wenye baiskeli walishuka, na habari ikamtangulia. Alipofika kanisani alikuta akina mama wamejifunga kanga kiunoni, moto mafigani umeshawashwa, na wawili wanalia bila kujua wanamlilia nani. Fundi Yakobo akala ugali wa msiba kwanza, kwa kuwa ulikuwa umeiva, ndipo akafunua shuka. Ibada ya siku ile, nasikia, ilijaa kuliko Pasaka.

Kazi yake kubwa ni ukumbi huu wa ibada mnamokaa sasa. Ulipokamilika ulikuwa mzuri kwa macho tu. Ni mrefu, kuta zimepigwa lipu laini, madirisha ya vioo, bati juu. Neno la Mchungaji lilikwenda mpaka ukuta wa nyuma, likarudi, likamkuta ameshafika kwenye neno la tatu. Fundi Yakobo akatengeneza maboksi mawili makubwa ajabu, kila mtu akayasifu, naye mwenyewe akayasifu. Yalipowashwa, vioo vilitetemeka, wanakwaya wakashika vifua, na maneno hayakusikika hata kidogo. Hakumlaumu mtu. Aliyashusha, akayapasua, na mbao zake ndizo viti vya Shule ya Jumapili. Kisha akawa anazunguka humu ndani siku nzima anapiga makofi na kusikiliza, hatua mbili, kofi, hatua mbili, kofi, mpaka mama wa usafi akaja kuniuliza kama mzee yu mzima.

Matokeo yake ndiyo hayo mnayoyaona kwenye nguzo: maboksi marefu membamba, kila moja na spika ndogo zilizopangwa wima, yameinamishwa kuelekea vichwa vya watu badala ya bati. Mabibi wanaokaa mlangoni sasa wanacheka Mchungaji anapochekesha, pamoja na watu wa mbele, si baada yao. Fundi Yakobo aliniambia hilo ndilo alilokuwa analitafuta muda wote. Kwa hiyo niseme wazi kwamba tunamshukuru, na shukrani hiyo haijachoka kama mimi.

Sasa niseme lililotuchosha sote. Miaka yote hiyo, wakati wa ibada, nafasi ya Fundi Yakobo ilikuwa kule kona ya nyuma kwenye mixa. Mkewe, Mayu Dorkasi (mayu ni mama kwa Kisukuma), alikaa benchi la nne upande wa kushoto. Kwa miaka mingi aliweka Biblia yake pembeni kumshikia mume wake nafasi. Baadaye aliacha, akawa anakaa pale yeyote aliyekuja. Binti yao Winnie alipofunga ndoa, baba alimleta mpaka mbele, akamkabidhi, akageuka mbio kwa sababu maiki ya Mchungaji ilikuwa inakoroma. Katika picha za familia hayumo, na fremu ya picha hizo aliitengeneza yeye.

Mwaka 2023 alipoagwa mara ya kwanza, Mayu Dorkasi alihama akaenda Lalago kwenye nyumba yao mpya. Mume alikuwa amfuate Jumatatu. Jumatatu ile maboksi ya ukumbi yalikuwa hayajamaliza kufungwa, akabaki kuyamalizia. Mara ya pili paa lilivuja likalowesha boksi moja, naye akapata habari kwa mtu aliyekutana naye mnadani. Mara ya tatu vijana wa semina walichomeka waya kinyume. Hakuna aliyempigia simu. Alikuja tu, akachukua chumba nyuma ya karakana, na Lalago akawa anakwenda mwisho wa mwezi kama mgeni.

Mwezi wa pili mwaka huu Mayu Dorkasi alishuka hapa na gari la asubuhi. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza mifugo na watoto, akakaa kwenye benchi ambalo lilikuwa halijapigwa randa. Mume wake alikuwa pale, ameinamia spika iliyofunguliwa. Yule mama hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mimi sikuja kugombana," alisema. "Nataka kujua tu kama mnamwachia au hamumwachii, ili niache kupika ya watu wawili."

Fundi Yakobo alizima kifaa cha kulehemu, akavaa koti, akamsindikiza mkewe stendi. Aliporudi alikuja ofisini kwangu, akakaa, akaniambia kwamba hakai huku kwa kupenda kazi, wala hamwoni Anatoli kuwa hajui. Anatoli, mrithi wake, ameshaiva siku nyingi, na hilo analisema kila mtu. "Nikiisikia spika inalia, miguu inaondoka yenyewe," alisema. Nilimtazama nikaona mtu amechoka kweli, mabega yameshuka. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu yeyote wa kazini.

Tukakubaliana kujaribu siku ya Pasaka. Anatoli akae kwenye mixa, Fundi Yakobo akae benchi la nne na mkewe, aliyekuja makusudi akiwa amevaa kitenge kipya. Walikaa. Wimbo wa kwanza ukapita salama, na mimi nilikuwa nawaangalia zaidi ya nilivyokuwa naimba. Kwenye wimbo wa pili spika ya nguzo ya tatu ilipiga mluzi mwembamba ambao sidhani kama watu watano waliusikia. Anatoli aliuua kabla haujakua. Lakini Fundi Yakobo alikuwa ameshasimama. Alifika kule nyuma, akakuta hakuna cha kufanya, akasimama pale pale nyuma ya Anatoli mpaka baraka ya mwisho. Mayu Dorkasi alibaki anatazama mbele, na kitenge chake, na nafasi pembeni yake. Niliumia. Anatoli naye aliumia, maana yeye alikuwa na mstaafu mgongoni na mke wa mstaafu mbele ya macho.

Tulikaa kikao siku iliyofuata, Mchungaji, Anatoli na mimi. Yalisemwa mengi ya hekima na hayakutusaidia. Mmoja alisema tumnunulie tiketi, mwingine tumwandikie barua ya kumkataza. Anatoli, ambaye vikaoni huwa anachora tu kwenye karatasi, ndiye aliyesema neno moja.

"Tuzizime."

Mchungaji alishika koo lake, akauliza ibada nzima? Anatoli akasema ibada nzima. Mchungaji akafikiri, akakubali, na tangu siku ile nasikia anakunywa asali na ndimu.

Kwa hiyo ndugu washarika, msishangae na msiulizane. Spika hazijaharibika, na umeme upo. Anatoli amechomoa kila waya asubuhi hii, mixa imefungwa kabatini, na funguo ninazo mimi. Katika ibada hii ya kumuaga mtu aliyetutengenezea sauti, hakutakuwa na spika hata moja, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Wenye viti vya nyuma wasogee mbele. Mabibi wa mlangoni wapishwe mabenchi ya mbele kabisa. Wenye watoto wadogo wawashike vizuri. Kwaya itaimba kwa vifua vyake yenyewe, na tukikosa neno hapa na pale, tutavumilia, maana yeye ametuvumilia kwa muda mrefu zaidi.

Hakutakuwa na maiki ya kutoa salamu wala shukrani. Mwenye la kumwambia Fundi Yakobo aende pale alipoketi, amshike mkono, amwambie karibu na sikio, kisha amwambie na Mayu Dorkasi, kwa sababu tunadaiwa zaidi naye.

Fundi Yakobo, wabeja sana, asante sana. Usharika wa Bariadi, pamoja na makanisa ya Kiloleli na Bukundi, unakuombea usingizi mzuri, mvua ya wakati wake na afya nyumbani kwako Lalago. Gari la kuwapeleka linaondoka baada ya chakula, na mizigo yako Anatoli ameshaipakia. Kwa sasa ibada inaanza, na humu ndani hakuna kitu kitakacholia.

Kaa.

Joyness Salvatory
Karani wa Karakana