Nesi Ndoo

"Nani amekuruhusu kuitwa nesi?" Swali hilo metroni alimuuliza marehemu mama yetu mwaka 2003, katika wodi ya wazazi, mbele ya wagonjwa na wafanyakazi, na familia inaona ni haki lijibiwe kabla hatujamzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa nne wa seremala na mshona mashuka, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akafaulu vizuri, lakini sekondari wakapelekwa kaka zake, na unesi alioutamani ukaishia hapo.

Mwaka 1998 aliajiriwa hospitalini kuwa mhudumu wa usafi, akawa anapiga deki wodi ya wazazi, na kwa kuwa ndiye aliyeshika mikono ya wanawake uchungu ulipokolea na wenye sare wakiwa kwenye chai, wagonjwa walimwita nesi, wenzake nao, kwa kumkejeli, wakamwita Nesi Ndoo. Alifunga ndoa na fundi baiskeli mwaka 2000, wakajaliwa wavulana wawili, na wa pili alikuwa bado ananyonya siku ile mwanamke mmoja alipofariki akijifungua, kichanga kikabaki kinalia, stoo ya maziwa imefungwa, mwenye ufunguo haonekani, ndipo marehemu akanawa mikono, akapindua ndoo yake, akaikalia, akakinyonyesha.

Metroni akamkuta hapo, akamuuliza swali lile. Kwa kosa hilo alihamishiwa chumba cha kufulia, asipande cheo hata kimoja hadi ugonjwa ulipomtoa kazini, yaani aliyenyonyesha ndiye aliyenyonywa. Kichanga kile hakikudaiwa na ndugu yeyote, marehemu na mumewe wakakichukua kihalali, nacho ndicho binti huyu anayesoma mbele yenu, aliyenyonya ziwa moja na kaka zake, wala hakuna siku aliyoitwa mgeni nyumbani kwao.

Binti huyo, alipofika chuo kikuu na kuzoea kubishana jukwaani, alifungua kamusi akakuta kwamba neno nesi tumelipata kwa Waingereza, wao kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini, na kule kwenye mzizi lilimtaja mwanamke anayenyonyesha, hasa mtoto wa mwenzake, kabla halijavaa sare wala kudai cheti. Alimpelekea habari hiyo kitandani mwezi Juni, daktari akiwa ameshatuambia kuwa moyo wake umetanuka, jambo ambalo sisi tulilijua zamani, naye marehemu akacheka hadi kikohozi kikamkaba, akasema, "Kwa hiyo mwanangu, siku ile nesi nilikuwa peke yangu?"

Alifariki tarehe 3 Agosti 2025, katika hospitali ileile, ameacha mume na watoto watatu, watatu, si wawili kama ilivyotangazwa asubuhi.

Tunawashukuru madaktari waliompigania, majirani waliotubeba, na wafuaji wenzake waliompigia pasi, kwa mikono yao, shuka alilolalia sasa.

Lala mama, ndoo tumeipokea. Nanyi mliokuja, mtakapopita kumuaga, tunaomba kila mmoja wenu amwite Nesi.